Ndoto Ambayo Shangazi Hakuisimulia

Skuta, Nyeri
12 Januari 2025

Mwanangu Mukhtar,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, isipokuwa goti la Mzee Huseni, ambalo siku hizi linatangaza baridi kabla ya redio. Asubuhi mlima unaonekana wote, mweupe mpaka mabegani, na ukiuona hivyo ujue ni siku ya sweta mbili. Mume wangu huyo anavaa tatu na bado analalamika. Cherehani yangu inafanya kazi, alhamdulillahi. Jirani yangu Wangechi, yule anayeleta mboga kutoka Wamagana, anakusalimu na anauliza kama Eldoret kuna kabeji nzuri au mnakula mahindi tu.

Utashangaa kupata barua zama hizi, tena ndani ya mfuko wa viazi uliopakiwa kwenye basi. Simu yako siiamini. Siku ile nilipokupigia nikakueleza ndoto yangu ya mtungi, uliniweka kwenye kile kipindi chako cha mtandaoni, "Akili Kwanza", ukaniongezea na sauti ya mbuzi. Soko zima lilinisikia. Shiro wa duka la simu alinichezea mara mbili, akidhani nitafurahi. Karatasi haina kitufe cha kurekodi.

Sasa neno lenyewe. Nimeota kuhusu harusi yako na Jannat. Siwezi kukusimulia. Lakini nikaha ni Aprili baada ya Idi, mimi ndiye niliyekulea, na nimeona si vizuri nikae na jambo linalokuhusu bila kukujulisha kwamba lipo.

Nitumie vipimo vya mabega nikushonee kanzu. Ulipokuja mara ya mwisho nilikuona umenenepa.

Shangazi yako,
Subira

*

Eldoret
29 Januari 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Viazi vimefika salama na barua imefika na udongo. Mimi ni mzima. Chuo kimefunguliwa, nina darasa la saikolojia la wanafunzi wengi kuliko viti, na mwenzangu Kim, anayenitengenezea kipindi, amepata kipaza sauti kipya. Mwambie Mzee Huseni pole, lakini mwambie pia goti halitangazi chochote. Ni mgandamizo wa hewa tu.

Kuhusu ule mbuzi, nilikwisha kuomba radhi. Watu walikupenda sana, shangazi. Waliandika wenyewe wakaomba urudi.

Kuhusu ndoto, naona ni wajibu wangu kama msomi kukueleza tena. Ubongo ukilala unafagia takataka za mchana, kama vile wewe unavyofagia vipande vya kitambaa chini ya cherehani. Hakuna fundi anayesoma maisha yake kwenye vile vipande. Ndoto si habari wala si barua kutoka popote. Tuko mwaka wa elfu mbili na ishirini na tano, watu wanapeleka mitambo mwezini, na sisi bado tunaulizana nani ameota nini.

Kwa hiyo sina haja ya kuijua. Hata ukinitumia sitaisoma.

Kwa ajili ya utafiti tu: je, kulikuwa na barabara? Nilikuwa nimesimama au nimelala? Kama nililala, nilikuwa nimefunikwa? Haya ni maswali ya kawaida kwa mtaalamu. Nakumbuka pia kwamba utotoni, madrasani kwa Maalim, tulifundishwa ndoto mbaya haisimuliwi. Basi kwa kukataa kwako umekwisha nijibu. Si kwamba naamini. Natambua tu mantiki ya wanaoamini.

Vipimo vya mabega nimeviandika nyuma ya karatasi. Sijanenepa, ni jaketi.

Mukhtar

*

Skuta, Nyeri
14 Februari 2025

Mwanangu,

Wa alaykum salaam, ingawa hukunisalimia hivyo. Goti la Mzee lina nafuu na linakataa kuitwa mgandamizo.

Maswali yako nimeyasoma. Mtu asiye na haja ya kujua jambo huwa haulizi kama alifunikwa. Jibu langu ni lile lile, sikusimulii. Simsimulii mtu anayeanza kucheka kabla sijafungua kinywa.

Habari imekwisha toka nje, na si mimi niliyeitoa. Wangechi alinikuta nakunja barua yako, akaniuliza kuna nini, nikamwambia ni neno la ndoto na silisemi. Akavuta kiti. "Ati ndoto? Mama Subira, hiyo ndoto iko na damu ama haina? Niambie tu mimi, sitaambia mtu." Nikamwambia hapana. Kufika saa sita soko zima linajua kwamba Mama Subira ameota jambo kubwa mpaka limemshinda kusema. Huko kwao Wangechi wana mhubiri wa hema ambaye kila Jumapili huwaonea watu maono ya ploti huko Chaka, na ajabu ni kwamba ploti zenyewe huwa ni za shemeji yake. Wangechi anaona kwamba ndoto isiyosemwa ni kubwa kuliko hizo zote. Amekuja na nyanya za bure akidhani nitalegea. Nyanya nimepokea.

Unamtaja Maalim. Maalim alikufundisha zaidi ya hapo, ila nusu ya pili ya kila somo wewe ulikuwa nje unapiga mpira.

Kanzu nimeianza. Ramadhani inakaribia, usifunge huku ukinywa kahawa za kuficha.

Subira

*

Eldoret
5 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Ramadhani karimu. Swaumu inakwenda vizuri, na sinywi kahawa yoyote. Huku mvua haijashika, jua ni kali, na wanafunzi wangu wanasinzia kwa zamu.

Nina habari kadhaa ndogo, zisizohusiana.

Nimepima moyo. Ni jambo ambalo kila mwanamume wa umri wangu anapaswa kulifanya. Daktari alisema moyo ni mzuri, akaniuliza kilichonileta, nikasema ni kinga. Pikipiki nimeiuza, kwa sababu mafuta yamepanda. Siku hizi nikija upande wa Nakuru nashuka nikapanda gari lingine kabla ya ule mteremko wa ajali, kwa sababu kunyoosha miguu ni afya. Nimenunua pia saa ya mkononi inayopima usingizi. Asubuhi inaniambia nimelala vizuri au vibaya na kunipa alama. Wiki hii nimekuwa nafeli.

Tena chuo kilituletea mshauri wa maono ya taasisi. Tulikaa ukumbini tukafumba macho, tukaambiwa tujione miaka mitano ijayo. Wenzangu walijiona maprofesa. Mimi sikuona kitu. Mshauri alisema nina kizuizi cha ndani. Hii ni mbinu iliyofanyiwa utafiti, shangazi, usiifananishe na mambo yako.

La mwisho. Nimefikiria ile tarehe ya Aprili. Ukitazama takwimu, Aprili ni mwezi wa mvua nyingi katika nyanda za juu, barabara zinateleza, na wageni wengi watatoka Nanyuki na Isiolo. Msomi hupanga mambo kwa takwimu. Ninapendekeza tusogeze mbele hadi Juni. Nimekwisha mwambia Jannat. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, halafu akasema sawa. Nadhani alielewa.

Nijibu hili moja tu, ndiyo au hapana, na sitauliza tena. Jannat alikuwemo?

Mukhtar

*

Skuta, Nyeri
10 Aprili 2025

Mukhtar,

Idi imepita. Tulikula pilau, Mzee Huseni alikula ya watu wawili, na watoto wa mtaa walipita kuomba peremende mpaka kwa Wangechi, ambaye si Mwislamu lakini alizitoa kwa wingi kuliko sisi. Hapo salamu zimekwisha.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya harusi yako. Mvua haikunyesha hata tone. Nilikaa mlangoni nikitazama anga safi, na kanzu yako iko kwenye hanga nyuma yangu, imepigwa pasi.

Jannat alikuja. Alitoka Nanyuki baada ya kufunga lile duka la dawa anakofanya kazi, akashuka Chaka kuninunulia nyama, akafika hapa na uso wa mtu ambaye hakulala. Alikaa pale kwenye kiti chako. Akaniuliza, "Shangazi, Mukhtar ako na mtu mwingine huko Eldoret?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Sasa ni nini? Ati mvua. Baba amerudisha wapishi, amerudisha mahema, watu wa msikiti wanamuuliza kila siku. Mimi nikimpigia ananiambia mambo ya takwimu." Alilia kidogo, akajifuta kwa kitambaa nilichokuwa nakishona, akaomba radhi kwa kukilowesha.

Sikumwambia habari ya ndoto. Hapa mjini ndipo inapojulikana. Kule Nanyuki haijafika bado. Ningemwambia nini, kwamba mchumba wake anayewacheka waotaji amekimbia nikaha kwa ajili ya ndoto ambayo hajaisikia? Ningeona haya kwa niaba yako.

Saa ikikwambia hukulala, unaamini. Shangazi akikwambia ameota, unamwekea mbuzi. Mnafumba macho mchana ukumbini, mnapewa chai na posho, mnaita maono. Mimi nafumba usiku, bure, na mnaita ujinga. Sawa. Lakini Jannat usimwonee. Baba yake amesema Juni ikipita bila nikaha, posa yako inarudi.

Nimekasirika na sitaki kuandika zaidi.

Subira

*

Eldoret
11 Mei 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo mara mbili. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilianza barua hii mara nyingi nikaichana. Huku mvua imeshika sasa. Kipindi kinaendelea. Juma lililopita nilizungumza juu ya watu wanaoogopa paka weusi, nikawacheka sana. Kim alisema ni kipindi bora kuliko vyote. Nilipotoka studio paka alikuwa amelala mlangoni. Alikuwa wa rangi ya chungwa, lakini nilipitia dirishani.

Nitasema wazi. Sili vizuri. Nimemfanya Jannat apime damu, kifua na macho, nikamwambia ni taratibu za kabla ya ndoa. Alipima vyote. Yuko mzima kabisa, na hilo limenitia hofu zaidi, maana kama si ugonjwa basi ni ajali. Nimemkataza kupanda bodaboda. Ameniuliza nina nini. Nimemwambia ni wasiwasi wa kitakwimu. Alikata simu, na siku hizi hapokei kila ninapopiga.

Juni imefika mlangoni na siwezi kutaja tarehe. Nikishika kalenda naona ile siku unayoijua wewe na mimi siijui. Nikimwoa nitampeleka mahali ulipomwona. Nisipomwoa nitampoteza kwa mkono wangu mwenyewe. Ninampenda, shangazi. Sijawahi kukuambia kwa sababu hatuambiani mambo hayo, lakini ninampenda mpaka nasikia aibu.

Kama Jannat anakufa katika ndoto hiyo, nakuomba uniambie. Niambie yote, ili nipate kutoiamini vizuri. Kwa sasa siwezi kuikanusha kwa sababu sijui inasema nini.

Mwanao,
Mukhtar

*

Skuta, Nyeri
1 Juni 2025

Mwanangu Mukhtar,

Assalaam alaykum. Tu wazima sote. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, nikajuta, halafu nikampa Mzee Huseni aisome, naye akasema, "Huyu mtoto amekonda, mtumie viazi." Vimo humu mfukoni.

Ndoto imefika Nanyuki. Shiro wa duka la simu ana binamu kule, na binamu huyo alikwenda kununua dawa ya kikohozi. Jannat akaja hapa jana, safari hii bila nyama. Nilidhani amekuja na maneno makali. Akavua viatu, akanipa mkono, akauliza goti la Mzee, akauliza macho yangu na cherehani, akanywa uji. Ndipo akasema, "Shangazi, nimesikia umeota juu yetu." Nikasema, "Nimeota." Akasema, "Heri, inshallah."

Hilo ndilo neno nililolingoja kwako tangu Januari. Mtu akisema ameota, unamwambia heri, kisha unasikiliza. Halina gharama na halihitaji digrii. Basi nikamsimulia, na sasa nakusimulia wewe, kwa sababu hofu yako nayo ni aina ya mapenzi na nimeichoka.

Niliiona harusi yako, hapa hapa Skuta, mahema hadi barabarani. Mstari wa mbele alikaa baba yako. Ndugu yangu Ilyas, ambaye alipofariki na lori lake la viazi wewe ulikuwa huna hata meno. Humjui, kwa hiyo nikueleze alivyokuwa. Baba yako hakuwahi kumaliza sahani. Alikula amesimama, ufunguo mkononi, injini inanguruma nje. Hata siku ya harusi yake mwenyewe aliondoka kabla ya chai kwa sababu soko la Karatina lilikuwa linamngoja. Katika ndoto alikaa. Alikula, akanawa, akaomba chai ya pili. Watu wakaanza kukunja mahema, yeye bado amekaa. Nikamwambia, "Ilyas, lori?" Akanijibu, "Leo sina haraka." Akamwita Jannat "mwanangu". Wageni wote waliondoka na yeye bado alikuwepo. Niliamka nikiwa nalia kwa furaha. Hiyo ndiyo ndoto.

Sasa nusu ya pili ya somo la Maalim, ile uliyoikosa kwa sababu ya mpira. Ndoto mbaya unatema mate kidogo kushoto, unageukia ubavu wa pili, na humwambii mtu yeyote hata kwamba ipo. Ingekuwa mbaya nisingekuandikia kabisa. Ndoto nzuri ndiyo haisimuliwi ovyo. Husimuliwa anayekupenda na kukutakia heri, kwa sababu wazee husema ndoto hukaa juu ya mguu wa ndege, na maana ya kwanza itakayopewa ndiyo huiangusha na kutimia. Niliogopa kumtoa ndugu yangu hewani akaangukie kwenye sauti ya mbuzi.

Jannat aliposikia alilia, kisha akacheka, kisha akanikemea. "Na wewe shangazi, si ungemwambia tu ati ni nzuri?" Nikamwambia anywe uji wake.

Alipoondoka alisema nikuandikie hivi, kwa maneno yake. "Mwambie mimi naweza kuolewa na mtu anaamini ndoto. Naweza kuolewa na mtu haamini. Lakini huyu wa kucheka nazo mtandaoni na kuzikimbia nyumbani, huyo mimi simjui. Kama ananitaka, akuje Nanyuki amwambie baba yangu na mdomo yake kwa nini alisongesha harusi. Na asiseme mvua."

Fanya hivyo kabla Juni haijaisha.

Shangazi yako,
Subira

*

Eldoret
6 Julai 2025

Shangazi yangu,

Assalaam alaykum. Heri kwako, kwa Mzee Huseni na kwa goti lake.

Nilikwenda. Wiki ya mwisho ya Juni, nikapita ule mteremko wa Nakuru bila kushuka, macho wazi. Baba yake Jannat alinikaribisha sebuleni na wajomba zake wote, na watu wawili wa msikiti niliowajua kwa sababu husikiliza kipindi changu. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye sehemu tatu. Nilipofungua mdomo nikasema tu, "Niliogopa ndoto ya shangazi yangu. Sikuwa nimeambiwa inasema nini."

Kisha mjomba mmoja akauliza, "Hiyo ndiyo sababu yote?" Nikasema ndiyo. Baba yake akafunika uso na mikono, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Kijana, mimi nilijua uko na bibi mwingine Eldoret. Nilikuwa nimeita hawa watu wanisaidie kukufukuza." Wale wawili wa msikiti walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Mmoja alifanya sauti ya mbuzi. Nilistahili.

Jannat hakucheka. Aliniuliza kama bado napima usingizi. Nikavua ile saa nikampa mdogo wake. Hapo ndipo akaniletea chai. Nikaha ni Septemba, Jumamosi ya kwanza baada ya Maulidi, na mahema yatafungwa kwenu Skuta.

Kim anataka tufanye kipindi kuhusu mkasa huu. Anasema kitasikilizwa nchi nzima. Nimemwambia ndoto mbaya haisimuliwi, na nzuri haisimuliwi watu kama sisi. Amenuna.

Sijabadilika, shangazi. Bado nasema ubongo unafagia. Ulikuwa na harusi moyoni, ukamkumbuka ndugu yako, fikra zikachanganyika ukiwa umelala. Nimewaeleza wanafunzi hivyo jana, bila kutaja jina, na nilieleza vizuri. Halafu nilirudi nyumbani nikakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimlilia baba yangu. Sina hata picha yake moja ambayo amekaa. Zote mbili amesimama karibu na lori.

Sitaki tafsiri. Sitaki maana yake. Nataka kujua jambo moja, na si la utafiti. Wageni walipoondoka na baba akabaki pale, mimi nilikuwa wapi?

Mwanao,
Mukhtar

*

Skuta, Nyeri
15 Julai 2025

Mwanangu,

Ulikuwa umekaa ubavuni kwake. Mlikuwa mnabishana, na ulikuwa unashindwa.

Shangazi yako,
Subira